Nepi za kitambaa au pempasi, kama maji ni ya kisima na kufua ni kwa mikono?

mama_kijacho

Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri kwa wanaozijua hizi nepi kwa undani. Mtoto wa kwanza, natarajia mwezi wa nne mwishoni. Nipo Kigamboni, maji tunayotumia ni ya kisima, yana chumvi na sabuni ya kipande haitoi povu. Mashine ya kufulia hakuna, ni beseni na mikono, na mwezi wa nne na wa tano ndiyo masika yenyewe.

Mtandaoni naziona zile nepi za kitambaa zenye mfuko: nje kitambaa cha maua kisichopitisha maji na safu za vifungo, ndani unachomeka pedi. Anayeziuza anasema sita zinatosha, mtoto anavaa tangu siku ya kwanza mpaka anaacha nepi, na hazivuji kabisa. Jirani anasema zinavuja na zinanuka, ninunue pempasi tu. Mama mzazi anasema nepi za kukunja kama za zamani zinatosha, hayo mengine ni kupoteza hela.

Nimsikilize nani? Ninunue ngapi, za aina gani, na kwa maji haya zitafulika kweli? Bajeti ya kuanzia ni kama laki mbili na nusu.

fua_anika

Hongera sana dada. Nianze na maneno ya muuzaji, maana ndiyo yatakayokula hela yako.

Sita hazitoshi. Mtoto mchanga anabadilishwa mara 10 hadi 12 kwa siku, akikua anashuka hadi 6 au 8. Ukifua siku moja na kupumzika siku moja, mchanga anahitaji vipande 24 na mkubwa 16 hadi 18. Mwenye sita anafua asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha siku nzima hana cha kumvisha mtoto.

"Tangu siku ya kwanza" nalo halina ukweli. Nepi za mfuko za saizi moja huandikwa kilo 3 au 4 hadi 15, lakini mtoto wa kilo 3 ana mapaja membamba. Hata ukibana vifungo vya mwisho, lastiki ya mguuni inaacha nafasi na mkojo unapitia hapo hapo. Zinaanza kukaa sawasawa mtoto akikaribia kilo 5. Tena siku mbili tatu za mwanzo choo ni kile cheusi cha kunata, hakitoki kirahisi kwenye kitambaa. Siku hizo tumia pempasi saizi 1, na upande wa juu uukunje chini ya kitovu ili kisisuguliwe na kipate hewa.

Kabla hujaangalia maua angalia pedi, maana ndiyo inayofanya kazi. Pedi nyingi zinazokuja na nepi za mfuko ni maikrofaiba, kitambaa kile kile cha kufutia magari. Inanyonya haraka lakini haishiki. Mtoto akikaa au akibebwa mgongoni, pedi inabanwa na mkojo unatoka pembeni. Isiguse ngozi moja kwa moja, inaikausha. Lazima iwe ndani ya mfuko. Pedi za mwanzi zinashika mkojo mwingi zaidi lakini zinachelewa sana kukauka, na wakati wa masika hilo ni tatizo kubwa.

Kwa hali uliyoieleza (kisima, beseni, mvua) mama mzazi ndiye aliye karibu na jibu. Chukua vitambaa vya mraba vya pamba vya sentimita 70 kwa 70, vipande 24, na kava 5 au 6 zisizopitisha maji za kuvalisha juu, zile zisizo na mfuko. Kitambaa cha mraba kikifunguliwa ni tabaka moja, kinasuuzika vizuri na kinakauka upesi hata siku ya mawingu. Kukitumia kama pedi, kunja mara mbili upate mraba wa sentimita 35 wenye tabaka nne, kisha ukunje sehemu tatu. Unapata pedi ya tabaka 12, urefu 35, upana kama 12. Ilaze ndani ya kava, funga, basi. Mtoto akikojoa tu, badilisha kitambaa, futa kava kwa kitambaa chenye maji, iache ipate hewa na uirudishe zamu inayofuata. Kava moja inachukua vitambaa vitatu hadi vinne kabla ya kufuliwa. Ikiguswa na choo inafuliwa papo hapo.

Pini hazihitajiki ukiwa na kava ya vifungo. Nepi za taulo ninge­ziacha kwa masika: ni nene, mishono ya pembeni ndiyo inayokauka mwisho.

Sasa kufua. Nepi ikivuliwa, usiilaze kwenye maji. Choo cha mtoto anayenyonya tu kinayeyuka, suuza kwa maji baridi mara moja. Akianza kula, choo kinakung'utiwa chooni kwanza. Maji ya kwanza yawe ya baridi kila mara, kwa sababu ya moto yanakifanya choo kishike kwenye nyuzi. Kisha weka kwenye kapu au ndoo kavu yenye kupitisha hewa. Kuloweka siku mbili kunachosha lastiki, mkojo unageuka amonia, na ndoo ya maji isiyo na mfuniko inaua: mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina kidogo sana.

Siku ya kufua, kwa vitambaa 20 na kava zake, tenga ndoo nne za lita 20. Ya kwanza ni maji baridi bila sabuni: fikicha, kamua, mwaga. Ya pili ni ya uvuguvugu ambao mkono unauvumilia, pamoja na sabuni ya unga vijiko vya chakula vinne; loweka nusu saa, kisha fikicha. Ya tatu na ya nne ni kusuuza. Ukikamua na maji bado yanateleza au yana povu, ongeza ndoo ya tano, usione uvivu hapo. Sabuni iliyobaki kwenye nyuzi ikikutana na mkojo inamuunguza mtoto.

Kuhusu kisima: chumvi peke yake haisumbui sana kwenye nepi, kinachosumbua ni chokaa, yaani kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa haitoi povu, inageuka utando mweupe unaonata kwenye nyuzi. Mkojo unakuta utando, haupenyi, unateleza pembeni. Ukiona nepi imevuja na pedi katikati ni kavu, sababu mara nyingi ni hiyo, na huenda ndicho kinachomtokea jirani. Utando huo huo unashika uchafu, ndipo harufu inapotoka. Kwa hiyo tumia sabuni ya unga, imewekewa vitu vya kudhibiti chokaa, na kwa maji yako usipunguze kipimo kwa kuhofia ngozi ya mtoto. Weka kipimo kamili na usuuze zaidi. Maji ya mvua hayana chokaa. Masika kinga maji ya bati, ya mwanzo yaache yapite na vumbi, yanayofuata weka kwa ajili ya suuzo la mwisho.

Namna ya kujua kama kitambaa kimeziba: dondoshea tone moja la maji juu yake kikiwa kikavu. Likizama mara moja, kizima. Likikaa juu limeviringika, kimeziba. Dawa yake ni kukiloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga kipimo kamili kwa saa moja, kufikicha, na kusuuza mpaka povu liishe kabisa. Fanya hivyo kwa vitambaa vya pamba tu, kava zisizidi maji ya uvuguvugu.

Dawa za kulainisha nguo zisiguse nepi hata kidogo, zinapaka nyuzi mafuta. Jiki kwa kava hapana, inakula utando wake wa kuzuia maji na lastiki. Kwa vitambaa vyeupe vya pamba unaweza kutumia mara moja moja kwa kipimo cha kwenye chupa, ila baada ya mkojo kutoka wote: Jiki ikichanganyika na amonia ya mkojo inatoa hewa ya sumu, na ikichanganyika na siki vilevile.

baba_wawili

Niongezee upande wa hela, kwa sababu watu hubishana bila kupiga hesabu. Bei nilizoweka ni za mfano, weka za dukani kwako.

Pempasi usiangalie bei ya pakiti, gawanya kwa vipande vilivyomo. Pakiti ya 20,000 yenye vipande 40 ni 500 kila kimoja. Saba kwa siku kwa siku 30 ni vipande 210, yaani 105,000 kwa mwezi.

Kitambaa mchana na pempasi moja usiku: pempasi 30 ni 15,000. Kufua mara 15 kwa ndoo nne ni ndoo 60; ikiwa unanunua maji kwa 100 kwa ndoo, 6,000. Sabuni ya unga tuseme 6,000. Jumla 27,000. Unabakiza 78,000 kila mwezi.

Mfumo alioutaja fua_anika, vitambaa 24 kwa 2,500 na kava 6 kwa 10,000, ni 120,000. Hela inarudi kwa mwezi mmoja na nusu. Nepi za mfuko 18 kwa 12,000 ni 216,000, inarudi karibu na miezi mitatu.

Kinachobadilisha hesabu yote ni nani anafua. Ukimlipa mtu 3,000 kila anapofua, ni 45,000 kwa mwezi na akiba inashuka hadi 33,000. Hapo vitambaa vinarudisha hela baada ya miezi kama mitatu na nusu, na nepi za mfuko baada ya sita na nusu. Bado zinalipa, ila siyo kwa kasi inayotangazwa. Na kama kazi hiyo inamwangukia mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji, wiki sita za mwanzo mwenzie au ndugu achukue beseni. Hilo lipangwe mapema, siyo mtoto akishafika.

pempasi_pia

Naheshimu maelezo ya hapo juu, lakini usiku na safarini kitambaa kisilazimishwe. Mtoto anayelala saa sita au saba mfululizo anahitaji kitu kinachogeuza mkojo kuwa jeli, na hicho ni pempasi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: chembechembe zilizo ndani ya pempasi zinanyonya maji matupu mengi kuliko mkojo, kwa sababu chumvi inazipunguza nguvu. Kwa hiyo video za wauzaji wanaomwagia maji ya bomba lita nzima hazikwambii chochote. Ukitaka kulinganisha aina mbili, changanya lita moja ya maji ya uvuguvugu na chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Mimina mililita 50 katikati ya kila pempasi, subiri dakika tano, gandamiza tishu juu yake kwa kiganja. Rudia mara tatu. Nzuri ni ile ambayo tishu inatoka kavu hata mara ya tatu, wala unene hauna maana. Nunua kwanza pakiti ndogo kabisa ya kila aina ufanye jaribio hili kabla ya kubeba pakiti kubwa.

Saizi fuata kilo, siyo miezi. Dalili za saizi kuwa ndogo: alama nyekundu kiunoni, gundi inashikia kwenye pembe, choo kinapanda mgongoni. Kupanda mgongoni watu hulaumu kampuni, kumbe mara nyingi saizi imepitwa au nyuma imevalishwa chini kuliko mbele. Ukishafunga, pitisha kidole mapajani utoe nje ile mikunjo midogo ya pembeni. Ikibaki imekunjwa ndani, itavuja hata iwe ya bei gani. Mtoto wa kiume elekeza uume chini kabla ya kufunga.

Pempasi zinazouzwa moja moja nje ya pakiti yake zinavuta unyevu wa hewa na vumbi. Ukishika katikati na kusikia chembe zimeganda vipande vipande, iache.

Na kutupa: choo kikung'ute chooni, kunja, funga kwa gundi yake, weka kwenye taka za nyumbani. Shimo la choo haliozeshi pempasi, linajaa mapema. Kuichoma ni kuchoma plastiki, moshi wake mbaya kwa mtoto yule yule.

mama_kijacho

Asanteni sana, nimeelewa mengi kuliko nilivyotegemea. Mawili zaidi: nina kanga kuukuu nyingi na shangazi ana cherehani. Zinafaa kukatwa nepi? Na kava tunaweza kushona wenyewe? Halafu nimesikia habari za funza kwenye nguo za mtoto, hilo linazuiwaje?

cherehani_moja

Kanga ya pamba kuukuu ni nepi nzuri sana, imeshafuliwa mara nyingi hivyo inanyonya tangu siku ya kwanza. Kitambaa kipya cha pamba kinahitaji kufuliwa mara tatu hadi tano ndipo kinyonye kikamilifu.

Kwanza hakikisha ni pamba. Kanga nyingi za siku hizi ni poliesta, na mkononi zinadanganya. Chomoa uzi mmoja pembeni, uchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ya kidonge isikatwe nepi.

Kanga moja ina kama mita 1.5 kwa 1.1. Unapata miraba miwili ya 70 kwa 70, na ukanda wa kama sentimita 40 kwa 150 unaobaki unatoa vitambaa 14 vya sentimita 20 vya kumfutia mtoto, basi huhitaji kununua vile vyenye manukato. Kanga ni nyembamba, kwa hiyo kwa mtoto aliyevuka miezi mitatu weka miraba miwili pamoja.

Ukinunua flana Kariakoo, ya upana wa mita 1.5, chukua mita 4.5 kwa nepi 12. Ifue kwa maji ya moto na kuikausha KABLA ya kukata, maana itapungua. Ukikata kwanza utapata nepi za sentimita 65 zilizopinda. Pindo liwe jembamba, zigizaga au pindo moja tu. Pindo nene linaacha alama mapajani na ndilo linalobaki bichi.

Kava zinashoneka kama ukipata kile kitambaa chenye utando laini wa plastiki upande mmoja. Usitumie pazia la bafuni wala koti la mvua, havipumui na mtoto ataiva. Kanuni zake:

– Uzi uwe wa poliesta. Uzi wa pamba unavuta mkojo kupitia matundu ya sindano mpaka nje.
– Sindano ya ncha butu namba 80, mshono wa milimita 3. Mshono mdogo unatoboa utando ukachanika kama stempu.
– Usibane kwa pini katikati ya kitambaa. Bana kwa vibanio vya nguo ukingoni.
– Lastiki ya milimita 6, ikate theluthi mbili ya urefu wa sehemu unayoishonea, uivute huku ukishona. Fupi zaidi ya hapo inakata paja.

Kwa kufungia, velkro ni rahisi kushona lakini inakamata vitambaa vingine kwenye beseni na baada ya miezi inachoka. Vifungo vya plastiki vinadumu, ila vinahitaji koleo lake. Mimi ningeshona miraba nyumbani na kava nikanunua, isipokuwa kama shangazi anapenda kazi za kubana macho.

nesi_wa_kliniki

Hilo la funza ni la kweli, mama. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo. Funza wake akigusa ngozi anaingia, panatokea kitu kama jipu lenye tundu dogo katikati. Yeye hapendi jua kali. Kwa hiyo vitambaa anika kwenye kamba juani, visiguse majani wala chini, visilale nje usiku. Vikikauka pigeni pasi ya moto pande zote mbili, na zaidi kwenye mapindo, maana mayai hukaa humo. Siku za mvua ukianika ndani, madirisha yawe na wavu.

Kava hazipigwi pasi, utando utayeyuka. Zigeuze ndani nje, zipate jua la asubuhi kwa muda wa saa moja au mbili, kisha zimalizie ndani ya nyumba kwenye upepo. Jua la mchana kutwa linaupasua utando. Kava iliyolala nje ikiwa mbichi iweke kando ikauke wiki mbili kabla ya kuvaliwa. Funza asiyepata ngozi hafiki huko.

Na kuhusu wekundu, mtofautishe mapema kwa sababu tiba hazifanani. Wekundu ulioko kwenye sehemu zinazojitokeza, matako na mapaja, huku mikunjo ya kinena ikiwa salama, ni kuungua na mkojo, choo au sabuni. Badilisha mara nyingi zaidi, osha kwa maji matupu, kausha kwa kugusa bila kusugua, mwache bila nepi dakika 15 mara kadhaa kwa siku, kisha paka krimu ya zinki. Wekundu mkali ulioingia ndani ya mikunjo, wenye vidoa vidogo vidogo pembezoni, ni fangasi. Krimu ya zinki peke yake haitautoa, unahitaji ya fangasi kama klotrimazole. Muulize mfamasia au njoo kliniki. Ukiona malengelenge, usaha, homa, au siku tatu zimepita bila nafuu, usisubiri.

Vaseline na krimu za zinki zinaziba kitambaa kama fua_anika alivyoeleza kuhusu mafuta. Siku za kupaka krimu, tandika kipande cha kanga juu ya pedi kiwe ndicho kinachopata mafuta, nacho kifuliwe peke yake.

Poda sikushauri kabisa. Vumbi lake linaingia kwenye mapafu ya mtoto, na kwenye mikunjo linaganda na jasho likasugua. Poda ya watoto ya talki, kampuni ya Johnson & Johnson wenyewe waliacha kuiuza dunia nzima mwaka 2023. Ngozi iliyokaushwa vizuri haihitaji poda.

mama_kijacho

Mungu awabariki. La mwisho kabisa: soko la Karume naona kava za mtumba kwa bei ndogo sana, nyingine zinaonekana mpya. Ninunue au niziache?

fua_anika

Nunua, ila kagua moja moja na usikubali kuuziwa kwa mafungu. Mambo manne:

Vuta lastiki ya mguuni mpaka mwisho na uiachie. Irudi pale pale mara moja. Ikibaki na mawimbi au ukisikia inakatika ndani kama mchanga, imekufa. Lastiki inaweza kubadilishwa na fundi, lakini gharama ile inakaribia kava mpya.

Igeuze, uiangalie utando ukiwa umeielekeza kwenye jua. Matundu ya mwanga pembeni mwa mshono ni kawaida, katikati hapana. Sugua utando kwa vidole viwili: ukitoa sauti ya karatasi au ukijitenga na kitambaa, achana nayo.

Funga na kufungua kila kifungo. Kinachofunguka kwa kuvutwa kidogo kitafunguka mtoto akipiga mateke.

Inuse. Harufu ya ukungu haitoki kwenye kava, kwa kuwa huwezi kuichemsha. Harufu ya sabuni nyingi ni ya kusuuza tu.

Ukifika nyumbani ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, suuza mara tatu, anika kama nesi alivyosema. Kabla ya kumvisha mtoto, laza kava kwenye beseni kavu, mimina nusu kikombe cha maji ndani yake na uiache dakika kumi. Sehemu ya chini ikiwa kavu, iko tayari. Kava tu lakini. Pedi na vitambaa vya mtumba usichukue, hujui vilifuliwa na kitu gani, na kanga ulizonazo ni bora kuliko hizo.